Jiwe Liangukalo: Jinsi Watu Walivyopima Mwendo Wake

Ikiwa ulilisikiliza somo hili redioni, maneno ni yale yale uliyoyasikia, ila sasa unayo mkononi na unaweza kurudi nyuma pale ulipopitwa. Ikiwa hukulisikia, usijali. Tafuta jirani mmoja au wawili, mmoja asome kwa sauti na wenziwe wasikilize. Weka karibu yako uzi, jiwe dogo na futikamba, kwa maana mwishoni tutakuwa na kazi ya mikono.

Swali letu ni hili: embe likikatika mtini, linaanguka kwa mwendo gani? Usinijibu kwamba linaanguka upesi. Upesi si kipimo. Baiskeli huenda upesi, na mshale huenda upesi, lakini hakuna anunuaye kitambaa kwa neno "kirefu". Muuza duka hukinyosha kitambaa, akakipima mbele ya macho yako. Basi na sisi tunataka kipimo. Katika sekunde moja, embe lile linashuka umbali gani? Na je, embe kubwa na embe dogo yakikatika pamoja katika tawi moja, lipi litatangulia kufika chini?

Maswali haya yanaonekana mepesi, lakini yaliwachukua watu wenye akili karibu miaka elfu mbili kuyajibu sawasawa. Sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, walikuwa na jibu la zamani lililotoka kwa mwalimu mkubwa, na wengi waliona haya kulihoji. Ya pili, hawakuwa na saa. Leo tutaona jinsi vizuizi hivi viwili vilivyoondolewa, kimoja baada ya kingine.

NENO LA MWALIMU MKUBWA

Mwalimu mwenyewe alikuwa Myunani, jina lake Aristotle. Alizaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo na kufariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Aliandika juu ya wanyama, nyota, utawala, mashairi na mambo mengi mengine, na vitabu vyake vilisomwa na Wayunani, Waarabu na watu wa Ulaya kwa karne nyingi. Juu ya vitu viangukavyo alifundisha kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi, na kwamba tofauti hiyo hufuata uzito wenyewe. Jiwe lenye uzito maradufu, alisema, litatumia nusu ya wakati.

Usimcheke. Chukua jani na jiwe uviachie pamoja. Jiwe litafika chini mara moja, na jani litapeperuka huku na huku kabla ya kutua. Aristotle aliyatazama mambo kama haya yanayoonwa na kila mtu. Kilichokosekana ni kuchukua mawe mawili, moja kubwa na moja dogo, na kuangalia kwa makini kama tofauti yao ni kubwa kama alivyosema.

Mtu mmoja aliyeliona kosa hili mapema aliishi hapa hapa katika bara letu, katika mji wa Alexandria nchini Misri. Jina lake ni Philoponus, naye aliandika katika karne ya 6 baada ya Kristo. Alisema kwamba ukiangusha vitu viwili kutoka kimo kimoja, na kimoja ni kizito mara nyingi kuliko kingine, utaona kwamba tofauti ya wakati wao ni ndogo sana, wala haifuati uzito wao. Neno hili lilikuwa la kweli, lakini halikuweza kulishinda jina la Aristotle. Ilipita miaka elfu moja mingine.

SIKIO LASIKIA MSHINDO MMOJA

Sasa twende Uholanzi, mwaka 1586. Simon Stevin alikuwa mjuzi wa hesabu na wa kazi za maji. Yeye na rafiki yake, Jan Cornets de Groot, walichukua tufe mbili za risasi, moja ikiwa nzito mara kumi kuliko nyenzake. Waliziachia pamoja kutoka kimo cha futi 30, zikaangukia ubao uliowekwa chini.

Kwa nini ubao? Kwa sababu jicho haliwezi kuzifuata tufe mbili kwa pamoja katika mwendo ule, lakini sikio linaweza kupambanua mishindo miwili. Kama Aristotle alisema kweli, tufe nyepesi ingefika imechelewa sana, na wangesikia "pa!" kisha baadaye "pa!" nyingine. Lakini walisikia mishindo iliyolingana hata ikawa kama mshindo mmoja. Stevin aliyaandika hayo katika kitabu mwaka ule ule.

Basi swali la embe kubwa na dogo lilikuwa limejibiwa: yanafika karibu pamoja. Lakini swali la kwanza lilibaki. Mishindo miwili kulingana hakutuambii kila mmoja ulichukua muda gani. Kwa hilo, saa ilihitajika. Na saa za Ulaya za wakati ule, zile kubwa za minarani, ziliweza kukosea robo saa kwa siku moja. Embe likianguka kutoka kimo cha meta 5, safari yake yote ni sekunde moja. Utaipimaje kwa saa kama hiyo?

GALILEO APIMA WAKATI KWA MIZANI

Hapa ndipo anapoingia Galileo Galilei, Mwitalia, aliyezaliwa katika mji wa Pisa mwaka 1564. Huenda umesikia kwamba alipanda mnara ulioinama wa Pisa na kuangusha vitu mbele ya watu. Habari hiyo iliandikwa na mwanafunzi wake, Viviani, na wanahistoria wengi wana shaka nayo. Lakini kazi aliyoifanya kwa hakika ni ya ajabu kuliko hiyo ya mnara.

Kwanza alitumia akili tupu. Alisema hivi: tuseme jiwe zito huanguka upesi na jiwe jepesi huanguka polepole. Haya, yafunge pamoja kwa kamba. Je, lile jepesi litalichelewesha lile zito, yaani yaanguke polepole kuliko jiwe zito lilivyokuwa peke yake? Au, kwa kuwa yamekuwa mzigo mmoja ulio mzito zaidi, yataanguka upesi zaidi? Ukifuata kanuni ya Aristotle utapata majibu yote mawili, na yanapingana. Kanuni inayotoa majibu mawili yanayopingana haiwezi kuwa kweli.

Na lile jani? Galileo alieleza kwamba ni hewa inayolizuia. Pasipo hewa, jani na jiwe vingekwenda sawa. Yeye hakuweza kwenda mahali pasipo hewa, lakini watu wa karne yetu iliyopita waliweza. Mwaka 1971, David Scott, Mmarekani wa safari ya Apollo 15, alisimama juu ya mwezi, ambako hakuna hewa, akaachia nyundo na unyoya wa ndege kwa wakati mmoja. Vilifika chini pamoja.

Baada ya kufikiri, Galileo alitaka kupima. Kwa kuwa hakuweza kuiharakisha saa, aliamua kuupunguza mwendo wa kuanguka. Alichukua boriti ndefu ya dhiraa 12 za kwao, akachimba mfereji mwembamba ulionyooka, akautandika ngozi laini ili usiwe na mkwaruzo. Kisha akainua ncha moja ya boriti dhiraa moja au mbili tu, akaachia tufe ya shaba ibiringike katika mfereji. Tufe ilishuka taratibu, kama mtu ashukaye kilima badala ya kuruka genge.

Na wakati je? Aliweka chombo kikubwa cha maji chenye kijibomba chembamba chini yake. Tufe ilipoanza kubiringika, aliyaachia maji yatiririke katika kikombe. Ilipofika mwisho, aliyazuia. Kisha aliyapima maji yale kwa mizani nyepesi sana. Maji yakiwa na uzito maradufu, muda ulikuwa maradufu. Tazama akili hiyo, ndugu yangu: alipokosa saa, mizani ilimfanyia kazi ya saa. Aliandika kwamba alirudia kupima mara mia kamili.

Aligundua nini? Kwamba tufe haishuki kwa mwendo mmoja, bali mwendo wake huongezeka kwa kipimo kilicho sawasawa. Ukiugawa muda katika vipande vilivyo sawa, na tufe ikashuka hatua 1 katika kipande cha kwanza, basi katika cha pili itashuka hatua 3, katika cha tatu 5, katika cha nne 7. Sasa jumlisha: baada ya kipande kimoja ni 1, baada ya viwili ni 1 na 3, yaani 4, baada ya vitatu ni 9, baada ya vinne ni 16. Waona? Mbili mara mbili ni 4, tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16. Muda ukizidi mara mbili, umbali huzidi mara nne. Ukikumbuka jambo hili moja tu, somo la leo halitakuwa limepotea.

Galileo aliyachapisha haya mwaka 1638, akiwa mzee kipofu. Alikuwa kifungoni nyumbani kwake karibu na Florence kwa hukumu ya mwaka 1633, kwa sababu ya mafundisho yake kwamba dunia huzunguka jua. Kitabu kilipigwa chapa mbali, huko Leiden, Uholanzi.

HESABU ISIYOLINGANA

Lakini hata Galileo hakulijibu swali letu lote. Alijua jinsi umbali unavyoongezeka, lakini umbali wenyewe katika sekunde moja hakuupata sawasawa. Katika kitabu chake cha mwaka 1632 alisema kwamba tufe ya chuma huanguka dhiraa 100 katika sekunde 5. Dhiraa hizo 100 ni karibu meta 58, na kwa kweli safari hiyo huchukua chini ya sekunde tatu na nusu. Kwa hesabu yake, vitu huanguka kwa nusu tu ya kasi yao ya kweli.

Mtawa mmoja wa Paris, Marin Mersenne, alilitambua jambo hili. Mersenne alimpenda Galileo, na alifanya kazi kubwa kuwajulisha Wafaransa maandiko yake. Hata hivyo hakuacha kupima mwenyewe, na vipimo vyake vilikataa kulingana na vya Galileo. Yeye alipata kwamba kitu hushuka futi 12 za Paris katika sekunde ya kwanza. Alifika mahali pa kuandika kwamba anatia shaka kama kweli Galileo aliyafanya majaribio yake ya boriti. Kumheshimu mtu hakukumzuia kuikagua hesabu yake.

Mersenne alikuwa na chombo kipya: jiwe lililofungwa kwenye uzi na kuachwa lipembee. Chombo hiki huitwa penduli. Galileo mwenyewe alikuwa ameonyesha fadhila yake: ukiwa hauisukumi kwa nguvu, kila mpembeo wake huchukua muda ule ule, hata inapokaribia kusimama. Hivyo mtu akiihesabu mipembeo anahesabu muda. Lakini lazima kwanza ajue kila mpembeo ni sehemu gani ya sekunde. Na nani atamwambia, ikiwa hakuna saa ya kuaminika?

MAPADRE WALIOHESABU MCHANA NA USIKU

Sasa nakuomba utege sikio, kwa maana tumefika mahali ninapopapenda kuliko pote katika habari hii.

Katika mji wa Bologna, Italia, aliishi padre Mjesuiti, Giovanni Battista Riccioli, aliyezaliwa mwaka 1598. Alikuwa mjuzi wa nyota. Katika jambo lile kubwa la dunia na jua, alikuwa upande wa pili: Galileo alisema dunia inazunguka, na Riccioli alilikataa. Wala hakuwa tayari kuyapokea maneno ya Galileo juu ya kuanguka mpaka ayapime yeye mwenyewe. Msaidizi wake alikuwa Mjesuiti kijana, Francesco Maria Grimaldi.

Riccioli alijua kwamba saa pekee isiyokosea ni mbingu. Jua hurudi adhuhuri kila siku, na nyota hurudi mahali pake kila usiku. Basi akatengeneza penduli ambayo mpembeo wake ulikaribia sekunde moja, na tarehe 2 Aprili 1642 akaanza kuihesabu kutoka adhuhuri mpaka adhuhuri ya pili. Mapadre tisa walisaidiana kwa zamu. Penduli ilipolegea waliisukuma kidogo, na hesabu ikaendelea, jioni, usiku wa manane, alfajiri, saa 24 kamili. Walipata mipembeo 87,998. Siku ina sekunde 86,400. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba kilijaa kikazidi kidogo, chini ya sehemu 2 katika mia.

Wewe na mimi tungefurahi na kwenda kulala. Riccioli hakuridhika. Alirekebisha urefu wa uzi, wakahesabu tena usiku kwa kufuata nyota. Kisha, kwa kuwa sekunde ni kipimo kirefu mno kwa jiwe liangukalo, alitengeneza penduli fupi sana, yenye urefu wa inchi moja na kitu, iliyopembea mara 6 katika kila sekunde. Jaribu kuhesabu mara 6 kwa sekunde uone jinsi ulimi unavyokataa. Wale mapadre walijizoeza kuhesabu kwa maneno mafupi, kwa mapigo, kama wapiga ngoma.

Walipokuwa tayari, walipanda mnara wa Asinelli, ambao unasimama Bologna hata leo, nao una kimo cha karibu meta 97. Waliachia tufe za udongo kutoka vimo mbalimbali vilivyopimwa, huku wakihesabu mipembeo. Haya ndiyo waliyoyapata, kwa futi za Roma:

Mipembeo 5, futi 10.
Mipembeo 10, futi 40.
Mipembeo 15, futi 90.
Mipembeo 20, futi 160.
Mipembeo 25, futi 250.

Toa kila namba katika ile inayoifuata. Utapata 10, kisha 30, kisha 50, kisha 70, kisha 90. Ni moja, tatu, tano, saba, tisa: hesabu ile ile ya Galileo, safari hii bila boriti wala maji, katika kuanguka kwenyewe.

Riccioli alifanya nini alipoona mpinzani wake amesema kweli? Angeweza kunyamaza. Yeye na Grimaldi walikwenda kwa Bonaventura Cavalieri, mwalimu wa hesabu pale Bologna ambaye alikuwa mwanafunzi wa Galileo, wakampa habari ile njema. Kisha Riccioli aliichapisha yote katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1651, pamoja na hesabu zake, ili kila mtu azikague. Katika kitabu hicho hicho aliendelea kulikataa fundisho la Galileo juu ya dunia. Na hapo ndipo ilipo nguvu ya ushahidi wake. Rafiki akikusifu, watu husema, "Ni rafiki yake." Lakini mtu asiyekubaliana nawe akipima na kusema, "Katika hili, umesema kweli," nani atabisha?

Riccioli alipata kwamba kitu hushuka futi 15 za Roma katika sekunde ya kwanza. Kwa vipimo vya siku hizi, alikosea kwa sehemu chache tu katika mia.

UZI BADALA YA MNARA

Hatua iliyobaki ilifanywa na Mholanzi, Christiaan Huygens. Mwaka 1656 alitengeneza saa iliyoongozwa na penduli, na kwa mara ya kwanza watu walipata saa ambayo makosa yake kwa siku yalikuwa ya sekunde tu, si ya dakika. Lakini mwaka 1659 alifanya jambo kubwa zaidi. Alifikiri hivi: kupembea ni aina ya kuanguka. Jiwe la penduli huanguka kuelekea chini, na uzi hulizuia na kuligeuza njia. Basi ukijua urefu wa uzi na muda wa mpembeo, unaweza kupiga hesabu ya kuanguka bila kuangusha kitu chochote. Aliipata kanuni yenyewe, akapiga hesabu, na jibu lake likatoka: kwa vipimo vyetu, katika sekunde ya kwanza kitu hushuka karibu meta 4.9. Hilo ndilo jibu tunalolitumia hadi leo. Mwendo wenyewe huongezeka karibu meta 9.8 kwa sekunde, kila sekunde ipitayo.

Kwa hiyo kazi iliyohitaji mnara wa meta 97 na mapadre tisa iliweza sasa kufanywa mezani kwa uzi mmoja. Na kitu kinachofanyika mezani huweza kuchukuliwa melini.

Mwaka 1672 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimtuma Jean Richer kwenda Cayenne, katika Amerika ya Kusini, nyuzi 5 tu kaskazini ya Ikweta, akazitazame nyota. Alichukua saa ya penduli iliyorekebishwa vizuri Paris. Alipofika Cayenne, saa ile ilichelewa karibu dakika mbili na nusu kila siku. Richer alirudia kupima kwa miezi kumi, na kila mara ilimbidi kuufupisha uzi wa penduli, chini kidogo ya milimeta 3, ili upembee sekunde kamili.

Maana yake ni kwamba karibu na Ikweta ardhi huvuta vitu kwa nguvu ndogo kidogo kuliko Paris. Mwingereza Isaac Newton alieleza sababu katika kitabu chake cha mwaka 1687: dunia si mviringo kamili. Kwa kuwa inajizungusha, imetuna katikati, na mtu wa Ikweta yuko mbali zaidi na kitovu chake. Leo tunajua kwamba tofauti hiyo ni karibu kilometa 21. Tena, kule kuzunguka kwenyewe hupunguza uzito kidogo.

Habari hii inatuhusu sisi moja kwa moja, kwa maana Ikweta inapita Kenya, Uganda na Kongo, na Mombasa iko karibu nayo kama Cayenne. Fikiri juu ya gunia la kahawa la kilo 100. Mizani ya springi iliyorekebishwa London, ikiletwa Mombasa bila kurekebishwa tena, italisoma gunia hilo pungufu kwa karibu gramu 300. Lakini mizani ya vitanga viwili haitakosea, kwa sababu mawe yake ya kupimia nayo hupungua uzito sawasawa na kahawa. Ndiyo sababu mizani inayopima mvuto hupaswa kurekebishwa mahali itakapotumika. Mkulima anayelijua jambo hili ana swali la haki la kuuliza mbele ya mizani.

KAZI YA MIKONO

Sasa shika uzi wako. Funga jiwe, kisha ning'iniza uzi kwenye msumari, ili kutoka msumarini mpaka katikati ya jiwe pawe sentimeta 99. Lisukume kidogo tu. Kutoka upande mmoja mpaka wa pili ni sekunde moja. Hesabu dakika nzima kwa saa. Utapata 60 au karibu nayo. Sasa badili jiwe, ufunge kubwa zaidi, lakini urefu usibadilike. Utaona kwamba mapigo ni yale yale. Jiwe kubwa halipembei upesi kuliko dogo, kwa sababu halianguki upesi kuliko dogo. Huo ndio ushahidi dhidi ya Aristotle, nao uko nyumbani kwako.

Kisha fupisha uzi uwe sentimeta 25, yaani robo. Mapigo yatakuwa 120 kwa dakika. Robo ya urefu, nusu ya muda.

Penduli hii fupi ina faida yake. Kama kuna kisima kikavu ambacho kina chake hakijulikani, mmoja aachie jiwe na mwingine ahesabu mapigo mpaka mshindo usikike. Mapigo 2 ni sekunde moja, na kina ni karibu meta 5. Mapigo 4 ni karibu meta 20. Mapigo 6 ni karibu meta 44. Lakini usitupe mawe katika kisima ambacho watu hunywa.

Ndugu msomaji, vyombo vya watu hawa vilikuwa ubao, maji, mizani, uzi na kuhesabu. Hakuna hata kimoja ambacho hakipatikani kijijini. Kilichokuwa adimu ni uvumilivu wa kurudia mara mia, na uungwana wa kukubali kipimo hata kinapompa haki mtu usiyekubaliana naye. Kwaheri mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Stevin alitumia sikio badala ya jicho?
2. Galileo alipimaje muda bila saa?
3. Kitu kikishuka meta 5 katika sekunde ya kwanza, kitakuwa kimeshuka meta ngapi baada ya sekunde 3? Patanisheni jibu lenu na hesabu ya kisima, mweleze tofauti ndogo mtakayoiona.
4. Kwa nini ushahidi wa Riccioli ulikuwa na nguvu kuliko ushahidi wa rafiki wa Galileo?
5. Mizani inayotumika katika soko lenu ni ya springi au ya vitanga? Ulizeni ilikaguliwa lini mara ya mwisho.